Wahesabuji wa Ndege wa Majira ya Baridi

Yastahiki sifa, tena sifa ya dhati, jamaa ya watu ambao kila mwaka nchini Marekani, baina ya tarehe 14 Desemba na 5 Januari, ilhali theluji imetanda na wenzao wamejikunyata penye moto, hutoka alfajiri kwenda kuwahesabu ndege wa mitaani kwao. Zamani ilikuwa ada ya baadhi ya wawindaji kushindana, siku za Krismasi, nani ataua ndege na wanyama wengi zaidi. Hata mwaka 1900 Frank Chapman, mwanachuoni wa elimu ya ndege, akanasihi kwamba badala ya kuuawa wahesabiwe, na watu 27 wakamwitikia.

Nami nawaenzi hasa kwa kutombagua kwao ndege yeyote: shomoro aliyejitutumua manyoya kwa baridi, kunguru, gogota agotaye mti mkavu, na kadinali mwekundu ambaye juu ya theluji hung'aa mithili ya kaa la moto, wote huandikwa daftarini kwa taadhima moja. Mwenye kamera naye husubiri, vidole vimekufa ganzi, mpaka ndege ageuze kichwa na jicho lake lipate nuru; na picha hiyo ndiyo huwa shahidi pindi jina linapobishaniwa.