Tunasomea biashara bila kuingia sokoni



Promosheni moja ikimaliza, swali ni lile lile: "Na sasa?" Jibu pia ni lile lile: "Mi naendelea na masta, juu kazi hakuna." Wengine wanaongeza: "Kisha doktora, bataniita profesa." Simcheki mtu. Kukaa nyumbani na diploma ukutani, wadogo wako wanangojea uwalipie minervali, si jambo jepesi. Lakini leo napenda tuongee juu ya hiyo masta yenyewe, ile ya utafiti katika usimamizi wa biashara, pamoja na doktora inayoifuata. Napenda tuipime sawa vile watu wanapima kitabu: iko na nini ndani? Inasema kweli? Nani atapata faida akiisoma?

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Wakubwa zetu walifanya graduat miaka 3, lisansi miaka 2, kisha DEA, halafu doktora. Sheria ya tarehe 11 Februari 2014 ilileta mpango wa LMD, na tangu mwaka wa masomo 2021-2022 mpango huo umepanuliwa katika vyuo vyetu: lisansi miaka 3, masta miaka 2, kisha doktora. Masta yenyewe iko ya aina mbili. Moja inakutayarisha kwa kazi ya ofisi au ya kampuni. Nyingine ni ya utafiti, na hii njo kwa kawaida inafungua mlango wa doktora. Mwenye kuchagua ya utafiti anadaiwa kitu kimoja tu: kutuletea jambo ambalo hatukulijua mbele yake. Akikosa kulileta, amelipa makuta ya kurudia lisansi.

Sasa tufungue memwari zetu. Nimesoma nyingi, za wenzangu na za waliotutangulia, na nasema bila chuki: ukisoma moja, umesoma kumi. Kichwa ni "Athari ya kitu fulani juu ya faida ya kampuni fulani, toka 2018 mpaka 2022." Utangulizi: sababu za kuchagua mada, umuhimu wake, hali ya swali, ipotezi, mipaka ya fasi na ya wakati, mgawanyo wa kazi. Sura ya kwanza: maana ya "athari", maana ya "faida", maana ya "kampuni", kila neno na mwandishi wake wa Ulaya. Sura ya pili: historia ya kampuni, fasi iko, organigrami yake. Sura ya tatu: tablo na asilimia. Mwisho: ipotezi zimethibitishwa. Siku zote zimethibitishwa! Kwa miaka yote hii, katika nchi ambayo biashara inaangusha watu kila siku, hakuna mwanafunzi hata mmoja ambaye soko lilimwambia "hapana"? Kisha yanafuata mapendekezo: serikali iboreshe mazingira, kampuni iongeze matangazo. Juri inapiga makofi, familia inapiga picha, na kitabu kinaenda kulala juu ya kabati.

Tuwe wa haki. Mpango ule si adui. Unamfundisha mtu kupanga mawazo, na mwanafunzi asiye na makuta ya safari hawezi kufanya miujiza ndani ya miezi michache. Promoteri naye anasimamia watu wengi, anafundisha miji mitatu, anasoma sura yako ndani ya basi. Haya yote nayajua. Lakini ugonjwa wenyewe uko mbele ya hayo: swali halikutoka kwetu. Tunachukua jibu lililo tayari, kisha tunatafuta kampuni ya kulivalisha.

Chukua mifano miwili ambayo kila mmoja wetu aliisoma. Mwaka 1958 Modigliani na Miller waliandika kwamba, soko likiwa kamilifu na bila kodi, thamani ya kampuni haitegemei kama inaendeshwa kwa deni au kwa mtaji wa wenyewe. Mwaka 1979 Michael Porter wa Harvard alieleza nguvu tano zinazosukuma ushindani. Ni kazi kubwa, na sisemi tuziache. Ninauliza tu: nchi yetu haina soko la hisa. Mshindani wa duka lako anaweza kuwa shemeji yako. Njia ikikatwa Jumanne, bei ya Jumatano haiulizi mteja wala muuzaji. Nadharia ikifika hapa inapaswa kujibu maswali ya hapa, sawa vile mgeni yeyote. Sisi tunaipa kiti, tunaipa chai, hatuiulizi kitu.

Sasa, mtu atasema: "Sawa, lakini nani alifanya vizuri zaidi?" Wako. Na hapa njo kuna aibu yetu.

Mwaka 1982, kwenye chuo kikuu cha Wisconsin kule Madison, Vwakyanakazi Mukohya alitoa kazi yake ya doktora juu ya wafanyabiashara Waafrika wa Butembo, toka 1960 mpaka 1980. Angalia hayo mambo mawili: mji mmoja, miaka ishirini. Hakuenda kuuliza kama Butembo inafanana na kitabu. Aliuliza namna gani watu wale walijenga biashara yao ndani ya desturi zao, katika nchi ambayo serikali ilikuwa inawavunja miguu. Mwaka 1991 aliandika tena, ndani ya kitabu kilichosimamiwa na Janet MacGaffey juu ya uchumi wa kweli wa Zaire, sura kuhusu bidhaa zilizoingia na kutoka Kivu ya Kaskazini bila kupita katika hesabu za serikali. Ni mambo ambayo kila mtoto wa Kasindi anayaona kwa macho. Yeye aliyageuza kuwa ujuzi.

MacGaffey mwenyewe alikuwa amefanya utafiti Kisangani, na mwaka 1987 akatoa kitabu juu ya wafanyabiashara na wanyonyaji. Kumbukeni tarehe 30 Novemba 1973, Mobutu alipotangaza kuchukua biashara za wageni na kuwapa wananchi. Wengi waliopewa maduka waliyala mpaka rafu zikabaki tupu. Kitabu kinaangalia upande mwingine: watu ambao, bila kubebwa na cheo, waliweka mtaji, wakaurudisha kazini, wakakua. Na ndani yake wanawake wa Kisangani wanaonekana kama wenye biashara kamili, si kama "mama wa soko" tu wa kupitisha siku. Mwaka 2013 Patience Kabamba naye alichapisha na CODESRIA, Dakar, kitabu juu ya Butembo wakati wa vita: namna gani wafanyabiashara Wanande walishika mji ukasimama wakati serikali imelala chini.

Sivisifu vitabu hivi kama Biblia. MacGaffey anagawa watu katika mafungu mawili, wajenzi na wanyonyaji, lakini sisi tunaoishi hapa tunajua kwamba mara nyingi ni mtu mmoja: asubuhi anajenga, jioni anampa mtu wa forodha bahasha, kesho anamsaidia mjomba kupata kiti. Kabamba anaonyesha uzuri wa kuaminiana, na nikimaliza kumsoma nabaki na swali: na yule asiye na ndugu ndani ya ule mtandao, anafanya biashara namna gani? Pia vitabu hivi vyote viliandikwa kwa Kiingereza. Mfanyabiashara wa Butembo hawezi kujisoma ndani yake.

Lakini oneni kitu. MacGaffey ni mwanaantropolojia. Kabamba pia. Yaani maarifa makubwa juu ya biashara yetu yaliletwa na watu wa fakulti nyingine, juu walikubali kukaa sokoni na kusikiliza. Sisi wenye biashara ndani ya jina la fakulti yetu, tulikuwa wapi? Tulikuwa tunachora organigrami.

Nitoe mfano, ili mtu asiseme naongea hewani. Mama anauza sambaza pale Kadutu. Anachukua mali kwa deni, anauza kwa deni, ana likelemba yake na wenzake, na kaye moja ambayo hakuna mwingine anayeielewa. Mwanafunzi anakuja na fomu ya Kifaransa: "Je, unaridhika na huduma za mikopo? Toka 1 mpaka 5." Mama anafikiri kwa Mashi, anahesabu kwa Kiswahili. Anasema 4, juu wewe ni mtoto mwenye adabu na hapendi kukuvunja moyo. Ile 4 inaingia ndani ya SPSS, inatoka na nyota tatu pembeni, na sasa inaitwa sayansi.

Weka fomu chini. Swali la kweli ni hili: mama huyu anaamua namna gani nani apewe deni na nani anyimwe? Kaa naye miezi mitatu. Omba ruhusa ya kuandika kaye yake upya, majina ukiyaficha. Hesabu nani alilipa, baada ya siku ngapi, nani hakulipa na alifanywa nini. Linganisha na mama wengine kumi. Atakuogopa kwanza, atafikiri wewe ni mtu wa taksi. Basi kuaminiwa kwako ni sehemu ya utafiti, si kitu cha kuruka. Halafu chukua sheria za OHADA, ambazo nchi yetu iliingia mwaka 2012, na mpango wake wa hesabu, uangalie: kaye ya mama inasema kitu gani ambacho mpango ule hauna fasi ya kukiandika? Hapo uko na masta. Ukiendelea vizuri, uko na doktora. Na benki yoyote yenye akili itataka kukusoma, juu inatafuta jibu lile lile.

Na kuna haraka. Mwanzoni mwa 2025 benki za Goma zilifunga milango, kisha na za Bukavu. Watu wakabaki na pesa za simu, na jirani anayeaminika, na safari za kuvuka mpaka kutafuta noti. Bei ziliwekwa namna gani siku zile? Nani alipewa deni? Likelemba gani zilivunjika, na gani zilishika? Haya ni maswali ya usimamizi wa biashara ambayo hakuna chuo cha ng'ambo kinaweza kuyajua kuliko sisi. Tusipoyaandika, wenye kuyaishi watasahau, makaye yatafungiwa sukari, na baada ya miaka kumi mgeni atakuja, atafanya utafiti wake mzuri, na sisi tutamtaja katika hali ya swali.

Kwa hiyo wewe unayefikiria kujiandikisha, nakuomba ujiulize mambo manne mbele ya kulipa. Moja: niko na swali ambalo jibu lake silijui kweli, na niko tayari lijibiwe kinyume na nilivyofikiri? Mbili: kuna mtu mmoja, nje ya juri, ambaye jibu hilo litamsaidia kuhesabu vizuri zaidi? Tatu: promoteri ninayemtaka amewahi kuandika kitu juu ya jambo hili, na wanafunzi wake wa mbele yangu walimaliza? Wapigie simu, usiogope. Nne: makuta na miaka ya kazi hii vitatoka wapi, na nani nyumbani atabeba mzigo wangu wakati niko ndani ya makaratasi? Kama majibu yako ni "sijui" mara nne, masta ya kazi, au hata mwaka mmoja katika duka la mjomba, vitakupa zaidi. Hakuna aibu. Aibu ni kupewa jina la mtafiti bila kutafuta kitu.

Na kwa sisi tuliomaliza, napendekeza kitu kidogo ambacho hakihitaji ruhusa ya wizara. Kila mwenye memwari aandike ukurasa mmoja kwa Kiswahili chepesi: niliuliza nini, niliona nini, sikuelewa nini. Aurudishe kwa watu aliowauliza maswali, kisha auweke hapa kwenye ukurasa wetu. Tutajua haraka nani alikuwa na kitu mkononi. Na wale mama waliotupa muda wao, wakasema 4 kwa heshima, watapata nafasi ya kutuambia namba yao ya kweli.

Nani anaanza?