Rudi Nyumbani, Lakini Njoo na Kibali

Ikifika Juni, waandishi wa utalii hutoa orodha zao za sherehe za katikati ya majira ya baridi. Kule kusini kabisa mwa dunia watu huwasha moto, hunywa vitu vya moto na kupigwa picha wakiwa na makoti mazuri. Kenya huingizwa kwenye orodha hizo kwa mlango wa nyuma, maana Nairobi nayo ina kipupwe chake cha Julai, kile cha kulala na soksi na kuoga kwa nia tu. Halafu mwandishi anakumbuka kwamba kuna kaskazini, anabandika Turkana mwishoni, na hapo orodha inaanza kuchekesha. Lodwar mwezi wa Julai mchana hupita nyuzi 30 bila kujaribu. Ukibeba koti, utalikalia.

Waturkana wenyewe huugawa mwaka kwa vipindi viwili: akiporo, wakati wa mvua, na akamu, wakati wa ukame. Sherehe hufuata maziwa. Mvua ikinyesha, malisho yanarudi, mifugo na watu waliotawanyika wanakusanyika, maziwa yanakuwepo, na hapo ndipo harusi na ngoma zinapopata nafasi. Mvua ikikataa, hakuna wa kumlaumu kwa kuahirisha. Hiyo ndiyo kalenda ya zamani, na haichapishiki kwenye posta, kwa sababu posta inataka tarehe.

Tamasha lenye tarehe ni Tobong'u Lore, la utalii na utamaduni, ambalo serikali ya Kaunti ya Turkana ililianzisha baada ya ugatuzi wa 2013 na ambalo makao yake ni Lodwar. Nataka kulizungumzia kama vile mtu anavyozungumzia kitabu au filamu, kwa uzito. Kwa kawaida matamasha ya kaunti huandikwa kwa namna mbili tu: habari kwamba gavana alifungua, na picha za shanga. Hakuna anayeuliza kama kazi yenyewe imesimama.

Nianze na jina, kwa sababu jina ndilo bora kuliko vyote. Kwa Kiturkana, Tobong'u Lore ni kumwambia mtu arudi nyumbani. Linganisha na kaulimbiu nyingine za utalii unazozijua, zile za maajabu na paradiso. Hizo zinakuuzia mahali. Hii inakuambia kwamba ulitoka hapa, na inakuambia kwa sababu za kisayansi: mwaka 1984, pale Nariokotome, magharibi mwa ziwa, Kamoya Kimeu wa timu ya Richard Leakey aliona kipande cha mfupa ambacho kilikuja kuwa mifupa karibu kamili ya kijana aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita. Dunia inamwita Kijana wa Turkana. Kwa hiyo Mjerumani akishuka kwenye ndege Lodwar, mwenyeji ana haki ya kumwambia karibu nyumbani bila kumdanganya. Ni kaulimbiu kubwa, manze. Kasoro ndogo ni kwamba mifupa ya kijana huyo imehifadhiwa Nairobi, kwenye makumbusho. Yeye mwenyewe hajarudi.

Sasa tuingie uwanjani. Mpangilio unaujua hata kama hujawahi kufika: hema la wageni waheshimiwa lina viti vyenye vitambaa, mshereheshaji ana kipaza sauti, na wachezaji wako kwenye jua. Edonga, ngoma ya Waturkana, haina ngoma ya kupigwa. Mapigo yanatoka miguuni na kwenye makofi, watu wengi wakikanyaga ardhi kwa wakati mmoja, na mwanamume huimba kuhusu maksai wake, yule aliyempenda hadi akabeba jina lake. Mikono hupanda juu na kuwa pembe. Ukisimama karibu unasikia ardhi ikikujibu kwenye nyayo kabla masikio hayajapata sauti.

Lakini ukikaa kwenye hema, husikii hilo. Unaona watu wakiruka. Edonga imejengwa ili uingie. Hata asiyejua kuimba anaweza kupiga makofi, msichana anachagua, mvulana anajaribu kuruka juu kuliko jirani yake, mashairi yanaongezeka kadiri usiku unavyosogea. Ukiipa dakika saba kati ya hotuba ya waziri na hotuba ya mfadhili, umechukua mazungumzo ukayafanya tangazo. Wachezaji wanajua, na unaona wanavyojipanga upya, nyuso zikielekea hema, mduara ukifunguka na kuwa mstari. Mimi hilo ndilo linaloniuma kuliko hotuba zenyewe: ule mduara kufunguka. Lamu wamelikwepa tatizo hili kwa kuwa na mbio za punda. Mbio zina mshindi, na vijana wa mji wangegombania ushindi huo hata kama hakuna mgeni hata mmoja aliyeshuka kwenye boti.

Bado, Tobong'u Lore lina sehemu moja ambayo ningeilipia nauli. Ni pale Waateker wanapokutana. Waturkana, Wakaramojong na Wateso wa Uganda, Watoposa wa Sudan Kusini, Wanyangatom wa Ethiopia: lugha zao ni za ukoo mmoja, na mipaka iliyowatenganisha ilichorwa na watu ambao hawakuwahi kuchunga hata mbuzi. Hawa wanapokuja Lodwar, jina la tamasha linaacha kuwa kaulimbiu. Mzee wa Kitoposa akisalimiana na mzee wa Kiturkana bila mkalimani, hapo pana kitu ambacho hakikupangwa na kamati. Mtalii akitaka kuangalia, aangalie, lakini hakuna anayemhitaji.

Sasa chukua gari uende Kakuma. Ni barabara hiyo hiyo ya kuelekea mpaka wa Sudan Kusini, kilomita 120 hivi kutoka Lodwar.

Kwanza tumalizane na jambo moja. Ukisoma makala za Kiingereza kuhusu kambi ya Kakuma, utaambiwa kwamba Kakuma ni neno la Kiswahili lenye maana ya “pasipo mahali”. Limeandikwa mara nyingi sana hadi limekuwa ukweli. Wewe unayesoma hapa unajua Kiswahili. Umewahi kumwambia mtu umetoka kakuma? Neno la karibu zaidi na hilo katika lugha yetu sitaliandika, mama yangu husoma gazeti hili. Kakuma ni jina la mji wa Waturkana uliokuwepo kabla wavulana kutoka Sudan hawajafika kwa miguu mwaka 1992. Lakini ona kazi inayofanywa na uongo huo mdogo: Lodwar ni nyumbani kwa binadamu wote, na kilomita 120 mbele yake pametafsiriwa kuwa si mahali.

Kambi na makazi ya Kalobeyei vina watu wapatao 300,000. Wana sherehe yao kubwa, na hii ndiyo inayoangukia sawasawa kwenye orodha zile za katikati ya baridi: tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani. Kama tamasha, umbo lake ni lile lile la Lodwar, hema, hotuba, jua, fulana zenye nembo. Tofauti ni kwamba mgeni rasmi akitaka analala Nairobi usiku huo huo, na mwenyeji anabaki na mgao wake. Mwaka 2025, baada ya wafadhili kukata pesa, mgao huo ulishuka chini ya nusu ya kiwango kinachotakiwa, na watu walikuwa wameshaandamana tangu Machi. Kucheza ngoma mbele ya anayekupimia unga ni aina ya sanaa ambayo bado haijapewa jina.

Hata hivyo, usidhani ngoma zenyewe ni za kuhurumiwa. Chukua ngoma za Warundi. UNESCO iliziweka kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2014. Miaka mitatu baadaye serikali ya Burundi ikatoa amri: wanawake wasizipige, na vikundi vinavyotaka kuzipiga nje ya shughuli rasmi viombe ruhusa na kulipa. Amri hiyo haifiki Kakuma. Ukizisikia ngoma hizo kambini, unasikia urithi wa taifa ambao umetoka nje ya mkono wa taifa. Hapa kuna insha nzima, na sijaona tamasha lolote likijaribu kuisema. Mshereheshaji hutangaza tu nchi, kana kwamba ni michezo ya Olimpiki.

Kilichofanyika Kakuma ambacho mimi nakiona ni tamasha kwelikweli ni sinema za FilmAid, shirika lililoanza kazi kambini mwaka 2001. Lori, skrini kubwa, giza, watu wamekaa chini. Baadaye vijana wa kambi wakafunzwa kutengeneza filamu, na zao zikaonyeshwa humo humo. Usiku hakuna hema. Aliyekaa mbele ni aliyewahi kufika. Tukio la TEDxKakumaCamp la Juni 2018, la kwanza la aina yake kufanyika ndani ya kambi ya wakimbizi, lilipata sifa kubwa zaidi, na sikatai, hotuba zilikuwa nzuri. Halima Aden, mwanamitindo aliyezaliwa Kakuma na kuondoka akiwa mtoto, alirudi kuzungumza. Tobong'u lore, kabisa. Alirudi akiwa Mmarekani.

Na hapo tunafika penyewe. Mkimbizi wa Kakuma hawezi kuamka tu asubuhi akapanda gari kwenda Lodwar. Anahitaji kibali cha kusafiri, na kwenye barabara kuna vizuizi vya polisi vya kukiulizia. Sababu zinazoeleweka ofisini ni kama matibabu na masomo. Nenda ukaandike kwenye fomu kwamba unataka kwenda kucheza.

Makaratasi haya si mageni Turkana. Mkoloni aliifunga wilaya hii; ulihitaji ruhusa kuingia, na aliitumia kama mahali pa kuwatupa watu. Jomo Kenyatta aliwekwa Lodwar kati ya 1959 na 1961, baada ya kifungo chake Lokitaung, bila uhuru wa kutembea atakako, na nyumba aliyokaa imekuwa kivutio. Mpaka leo utamsikia Mturkana anayekwenda Kitale akisema anakwenda Kenya. Watu wanaojua hivyo maana ya kuzuiwa wangekuwa wa kwanza kuona kichekesho kilichomo ndani ya tamasha lao, kwa hiyo simlaumu mchezaji wa edonga. Namlaumu anayepanga ratiba.

Fikiria Mtoposa. Akija na msafara wa wajumbe wa Ateker, atapokelewa Lodwar kwa vigelegele, atapewa kiti, ataambiwa amerudi nyumbani. Mtoposa huyo huyo akija akikimbia risasi, atapelekwa Kakuma, na kutoka siku hiyo Lodwar ni ng'ambo. Lugha ni ile ile, na hata wimbo wa maksai ni ule ule. Kaulimbiu inayomkubali Mjerumani kwa hoja ya miaka milioni 1.5 inashindwa na binamu aliyefika juzi.

Serikali ilizindua Mpango wa Shirika mwaka 2025, ikisema Kakuma na Dadaab zitaacha kuwa kambi na kuwa miji. Nitaamini nikiviona vizuizi vikiondoka. Kwa sasa ombi langu ni dogo, na ni la kisanaa: siku moja ya Tobong'u Lore ifanyike Kakuma, jioni, jua likishuka, bila hema. Uwanja upo, umati upo, Warundi wana ngoma na Waturkana wana miguu, na ningependa sana kusikia vitu hivyo viwili vikijibizana. Kama binamu haruhusiwi kuja kwenye sherehe, sherehe imfuate. Magari ya kaunti hayaulizwi kibali kwenye kizuizi.