Mboga za Uani, Mboga za Mirihi

Mwezi wa Aprili 1498 Vasco da Gama alitia nanga nje ya bandari ya Mombasa, na mabaharia wake wengi walikuwa hoi kwa kiseyeye. Mfalme wa Mombasa akampelekea kondoo, machungwa na ndimu kwa wingi, na miwa. Wagonjwa wakapata nafuu, na mwenzao aliyekuwa akiandika habari za safari akamshukuru Mungu, kisha akaisifu hewa ya mji wetu. Hewa! Machungwa hayakuambulia sifa. Mwaka uliofuata, wakirudi kutoka Bara Hindi, walikaa baharini karibu miezi mitatu, wakazika watu kama thelathini majini. Walipofika Malindi hawakungoja hewa iwaponye: walimtuma mtu nchi kavu awaletee machungwa wagonjwa.

Wanaotayarisha safari ya Mirihi wanaijua hofu hiyo ya kiseyeye. Kwenda tu ni miezi sita hadi tisa, na kwenda na kurudi ni karibu miaka mitatu. Chakula cha pakiti hushibisha, lakini vitamini C na B1 hupungua kadiri pakiti inavyokaa. Njia mojawapo ni kuotesha mboga hukohuko. (Malindi hiyohiyo, upande wa Ngomeni, ndiko setelaiti ya Uhuru iliporushwa tarehe 12 Desemba 1970, kwa hiyo habari za anga zisionekane ni za wenyewe tu.) Ndipo kazi ya kutunza mboga, ambayo wengi huihesabu kuwa ya kupitishia wakati, inapopanda cheo. Mimi nataka kuisifu, na wa kusifiwa siendi mbali kuwatafuta. Wako Majengo.

Kisiwa cha Mombasa ni mwamba wa matumbawe wenye udongo haba, na Majengo nyumba zimebanana juu yake: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na nyuma kabisa uani, aghalabu pamesakafiwa. Maghorofa yanayochipuka yamekuja kulila hata lile jua kidogo lililosalia. Anayetaka mchicha hapo hana shamba la kulima, hulitengeneza. Huchukua kiroba, akasimamisha ndani yake mkebe uliotolewa kitako, akaujaza kokoto, na pembeni akatia udongo uliochanganywa na samadi ya mbuzi. Mkebe huvutwa juu kidogo, ukajazwa tena, hivyo hivyo mpaka uti wa kokoto umesimama kutoka chini hadi mdomoni. Maji yakimiminwa juu hushuka kwa uti huo na kuenea pande zote. Asiyeweka kokoto hulowesha sehemu ya juu tu, na sukuma wiki aliyoipachika kwenye matundu ya chini ubavuni mwa kiroba ikafa kwa kiu.

Lakini fundi hajulikani kwa kiroba, hujulikana kwa maji. Bomba la Mzima limekuwa likituletea maji kutoka Tsavo tangu 1957, ila mfereji ukikauka watu hununua kwa mtungi kutoka kwa wasukuma mikokoteni, na visima vingi vya kisiwani vina maji ya chumvi. Chumvi haina haraka. Mche husimama vizuri, kisha ncha za majani hugeuka kahawia, na juu ya udongo hufanyika utando mweupe. Mwenye macho akiuona utando huo huacha maji ya kisima, akaumwagia udongo maji matamu hadi yatiririke chini na kuondoka na ile chumvi. Ni gharama, kwa hiyo maji yaliyooshea mchele hayamwagwi ovyo.

Mirihi nako kuna chumvi yake. Chombo cha Phoenix, kilichotua huko 2008, kilikuta mchangani pakloreti, kiasi cha nusu asilimia hivi. Hiyo huidhuru tezi ya shingoni, na mboga iliyoinyonya haifai kuliwa. Bahati nzuri huyeyuka majini, kwa hiyo mchanga unaweza kuoshwa. Bahati mbaya ni swali la uani: maji ya kuoshea yatatoka wapi? Kule yapo, lakini ni barafu iliyofukiwa ardhini. Mwaka 2023 NASA ilitangaza kwamba kwenye kituo cha kimataifa cha anga za juu asilimia 98 ya maji huweza kurejeshwa, jasho na mkojo vikiwemo. Majengo hatujafika huko, na sidhani kama kuna mwenye haraka.

Bustani ya kwenye kituo hicho, iitwayo Veggie, ilipelekwa 2014: kijisanduku chenye taa nyekundu na za buluu. Agosti 2015 wanaanga walikula letasi nyekundu waliyoivuna humo, baada ya kuifuta majani kwa asidi ileile iliyomo ndani ya ndimu. Magazeti yalishangilia letasi. Kisa ninachokipenda mimi ni cha maua ya zinia yaliyofuata. Desemba mwaka huo maji yalizidi, majani yakajikunja, ukungu ukaingia. Feni ikaongezwa nguvu, na sasa mimea ikaanza kukauka. Ratiba ya kumwagilia ilikuwa ikitoka duniani. Mwanaanga Scott Kelly akawaambia wakubwa wake kwamba tukienda Mirihi ni sisi tutakaoamua lini mmea upewe maji, kama yeye anavyotazama nyasi za uani kwake na kuamua. Wakamkubalia, wakampa mwongozo wa ukurasa mmoja, mengine wakamwachia mwenyewe. Januari 2016 zinia ikachanua.

Hakuna namna nyingine. Ujumbe kutoka duniani hadi Mirihi huchukua kati ya dakika tatu na ishirini na mbili, na jibu muda kama huo tena, ilhali udongo haungoji. Mwenye bustani wa Majengo hutia kidole udongoni, hukiinua kikopo chenye mche kupima uzito. Jani likilegea adhuhuri na kusimama tena jioni, haliombi maji, limechoshwa na jua tu. Likilegea alfajiri, hapo kuna neno. Kwenye kituo cha anga kikopo hakina uzito wala maji hayajui chini ni wapi, ndiyo maana zinia ililoa vile. Mirihi uzito ni zaidi kidogo ya thuluthi ya huu wetu. Maji yatashuka, na mkono utajifunza upya kupima kikopo.

Mbegu za mtama zimekwisha kutangulia: Novemba 2022 mashirika ya IAEA (la nguvu za atomiki) na FAO (la chakula na kilimo) yalizipeleka anga za juu zikapigwe na mionzi, zikarejeshwa mwaka uliofuata. Mimi ningeongeza mchicha. Ndani ya wiki nne hivi unaliwa, na ukikatwa kwa kuachiwa shina huchipua tena. Wanaanga walikula letasi yao kwa mafuta na siki, wala sina ugomvi nao. Ila mtu wa Majengo akipelekwa huko atautaka mchicha wa nazi, na nazi itabidi aibebe kutoka nyumbani, maana mnazi wetu hukaa miaka sita au zaidi ndipo uzae, na yeye atakuwa amerudi kitambo.