Kulungu Ndani ya Skonzi

Kila taifa lina chakula chake cha kujifariji. Hicho si chakula cha karamu wala cha kumwonyesha mgeni, bali ni kile ambacho mtu mzima hukitamani akiwa mchovu, akiwa mgonjwa, au akiwa amekumbuka kwao. Kwetu sisi huenda kikawa uji wa mchele au muhogo wa nazi. Kwa Wamarekani wa majimbo ya kati, ambako nimeishi miaka mingi sasa, kimojawapo ni nyama ya kusaga iliyoungwa kwa rojo tamu la nyanya, ikapakuliwa ndani ya skonzi. Jina lake ni Sloppy Joe, yaani Joe asiye nadhifu, na anayekila hana haja ya kuuliza sababu ya jina hilo, maana rojo humtiririka vidoleni tangu tonge la kwanza.

Nataka kukihakiki chakula hiki kama wengine wanavyohakiki riwaya au tamthilia, kwani nacho kina historia yake, kina dhamira yake, na kasoro hazikosi. Tena nitakihakiki katika sura yake moja tu: pale nyama ya ng'ombe inapoondolewa, na mahali pake pakatiwa nyama ya kulungu aliyewindwa. Kwa maoni yangu, hapo ndipo chakula hiki kinapopimwa kama kina ukweli ndani yake au ni utamu mtupu.

Kuhusu asili yake, wapo wasemao kilizaliwa Sioux City, Iowa, katika miaka ya 1930, kwa mkono wa mpishi aliyeitwa Joe. Wengine hukivutia Key West au Havana, kulikokuwa na baa zenye jina hilo. Ugomvi huo siuingilii. Linalojulikana ni kwamba mwaka 1926, katika mji wa Muscatine, Iowa, muuza nyama aitwaye Fred Angell alianza kuuza skonzi zenye nyama ya kusaga isiyofinyangwa, biashara iliyokuja kujulikana kwa jina la Maid-Rite. Nyama hiyo haikuwa na rojo. Mwaka 1969 kampuni ya Hunt's ikaingiza sokoni rojo la kopo liitwalo Manwich. Tangu hapo mama aliyerudi kazini amechoka aliweza kulisha watoto wake kwa ratili moja ya nyama, kopo moja, na muda usiozidi nusu saa.

Tusilidharau kopo hilo. Lilifika wakati nyumba nyingi zilikuwa na fedha kidogo na muda mdogo zaidi, na lilitimiza ahadi yake. Tena katika nyama ya ng'ombe yenye mafuta mengi, ule utamu una kazi. Mafuta hutanda ulimini, siki huyakata, na sukari hupoza ukali wa siki. Vitu hivyo vitatu hushikiliana kama mafiga matatu chini ya chungu. Ondoa figa moja, chungu kinapinduka.

Na hilo ndilo hutokea anapoingia kulungu. Namwita kulungu kwa kukosa jina lililo sahihi zaidi, maana huyu wa huku mwenye mkia mweupe si yule wa misitu yetu. Wa kwetu hubaki na pembe zake maisha yote. Dume la huku hudondosha pembe kila mwaka na kuotesha nyingine. Nyama yake ni nyekundu iliyokoza, na mafuta yake ni machache mno. Mpishi akiimiminia kopo zima la rojo lililokusudiwa nyama ya mafuta, siki na sukari hukosa cha kushindana nacho. Kinachobaki ni kitu kama jemu ya nyanya yenye chembe za nyama kavu.

Lakini kasoro kubwa zaidi haiko katika vipimo, iko katika nia. Maelekezo mengi ya kupika kulungu niliyosoma huanza kwa kuomba radhi. Mwandishi humhakikishia mpishi kwamba walaji hawatatambua wamekula nini, kwamba kivumba chote kitafichwa, kwamba watoto watadhani ni ng'ombe. Msomaji na ajiulize: ni chakula gani kingine tunachokisifu kwa kutotambulikana? Nani humsifu pweza kwa kufanana na kuku?

Ukweli ni kwamba kivumba kinacholalamikiwa, kwa kiasi kikubwa, hutokana na utunzaji. Mzoga ukichelewa kupasuliwa na kupozwa, nyama huharibika ladha. Mafuta ya kulungu nayo huganda upesi mdomoni kama nta, na harufu hukaa humo. Msagaji makini huyakata yote kabla ya kusaga, kisha wengi huongeza mafuta ya ng'ombe au ya nguruwe. Hapo jirani zetu Waislamu hawana budi kuuliza mapema, maana kwao si suala la ladha tu. Kwa nyama niletewayo mimi, naomba isagwe bila kuongezwa chochote.

Nasema niletewayo kwa sababu nyama hii hainunuliwi. Nchini Tanzania, tangu kanuni za mwaka 2020, mtu anaweza kununua nyamapori katika bucha lenye leseni. Hapa Iowa mwindaji haruhusiwi kuuza nyama ya kulungu aliyempiga. Aile na jamaa zake, au aigawe. Chanzo cha katazo la namna hiyo ni masikitiko ya karne ya 19, wakati wawindaji wa biashara walipopeleka nyama mijini hadi wanyama wakakaribia kwisha. Iowa ilifunga uwindaji wa kulungu mwaka 1898, na haikuruhusu tena hadi mwaka 1953, walipokuwa wameongezeka. Kwa hiyo kila ratili inayoingia jikoni kwangu imefika kwa mkono wa mtu aliyeamka gizani mwezi wa Desemba, akakaa kwenye theluji, kisha akanigawia bila kudai senti. Kuizamisha zawadi hiyo ndani ya sukari ili isitambulike naona ni utovu wa adabu.

Basi mimi huipika hivi. Hupasha kikaango chenye mafuta ya kupikia vijiko viwili, nikatandaza nyama na kuiacha bila kuigusa mpaka upande wa chini ugeuke kahawia. Asiye na subira hukoroga mapema, nyama ikatoa maji na kuchemka badala ya kukaangika. Kisha hutia kitunguu maji, pilipili hoho na kitunguu saumu. Vikilainika, hufuata nyanya ya kopo iliyo nzito, haradali, siki kidogo, na supu ya mifupa kikombe kimoja. Huacha vitokote polepole mpaka mwiko ukipita chini, njia yake ibaki kuonekana kwa kitambo. Skonzi huzibanika upande wa ndani zisilowe. Nyama ya kusaga haina masihara: wataalamu wa chakula huku wanataka ifike nyuzi 71 za Selsiasi katikati, na kulungu wa maeneo yenye ugonjwa wa kudhoofika apimwe kwanza kabla ya kuliwa.

Kwa ulimi wangu, hapo nyama husikika. Ina ladha ya chuma kidogo na ya majani makavu, na siki huinyanyua badala ya kuifunika. Nilidhani uhakiki wangu umekamilika, mpaka mwanangu, aliyezaliwa hapa hapa Iowa na kukila chakula hiki katika bwalo la shule, alipomaliza skonzi yake na kuniambia, "Mama, ni nzuri. Lakini siyo yenyewe."

Neno hilo lilinikalia siku nyingi. Mimi ni mgeni wa chakula hiki. Yeye ni mwenyeji. Mimi nakihukumu kwa ulimi peke yake, kwa kuwa sina utoto wowote ndani yake. Yeye akikila anasikia kengele ya shule na kelele za wenzake. Sukari ninayoiona kasoro, kwake ni alama ya njia. Mhakiki asiyelijua hilo hukosoa chakula cha wengine kama mtu anayesahihisha sarufi ya wimbo wa kubembelezea mtoto.

Hata hivyo sikubali kwamba kumbukumbu ina haki ya kutawala chungu daima. Kumbukumbu nayo hupikwa na watu. Waliokula nyama kavu ya Muscatine huenda nao waliona rojo la mwaka 1969 siyo yenyewe, na leo hilo hilo ndilo yenyewe. Siku hizi hutia kijiko kimoja cha sukari guru, kwa heshima ya mwenyeji wangu, na sizidishi hapo. Kijiko hicho kinatosha kumwonyesha njia bila kumfunika mnyama.

Iko siku huyu mtoto atakuwa mtu mzima, amechoka, yuko mbali na nyumbani, na atakitamani chakula cha kumfariji. Sijui atakuwa mji gani. Ningependa, akikumbuka ladha ya skonzi hii, iwe na kulungu ndani yake, na jirani aliyetugawia, na mama aliyekataa kumficha.