Kanuni, Mswada na Orodha: Uhakiki wa Lugha Tunayotumia Kusimulia Kuundwa kwa Maandiko ya Kikristo, Ukitazamwa kutoka Lunyo, Mpakani mwa Busia na Tororo

Utangulizi

Kauli moja hurudiwa mara kwa mara katika maandishi ya Kiswahili ya elimu ya dini na katika mijadala ya hadhara: kwamba vitabu vya Agano Jipya vilichaguliwa na Baraza la Nikea mwaka 325. Kauli hiyo si sahihi. Baraza hilo lilitoa kanuni 20 kuhusu uongozi na nidhamu ya Kanisa, na hakuna hata moja inayoorodhesha vitabu vya Maandiko. Makala haya hayakusudii kusahihisha tarehe tu. Yanauliza kwa nini kosa hili hustawi katika Kiswahili, na yanadai kwamba sehemu ya jibu imo ndani ya msamiati wenyewe. Maneno tuliyoyazoea, hususan kanuni na mswada, humfanya msomaji aone amri na maamuzi mahali ambapo historia inaonyesha usomaji, unakili na, baadaye, uchapaji.

Hoja hiyo inatazamwa kutoka Lunyo, katika Wilaya ya Busia upande wa Uganda, pamoja na ukanda unaoendelea hadi Tororo na kuvuka mpaka kuingia Busia ya Kenya. Sababu za kuchagua eneo hili ni mbili. Kwanza, ni eneo ambalo Wasamia, Wagwe, Wapadhola na Wateso wanaishi kwa ujirani, na Waanglikana na Wakatoliki wamekuwa na Biblia zisizolingana kwa idadi ya vitabu. Mji wa Tororo pekee una makao ya Dayosisi ya Bukedi ya Kanisa la Uganda na ya Jimbo Kuu Katoliki la Tororo. Pili, Kiswahili kinaingia katika shule za upande wa Uganda kwa kasi mpya tangu Julai 2022, Baraza la Mawaziri lilipoidhinisha kiwe lugha rasmi na somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Istilahi zitakazoingia vitabuni sasa zitadumu kwa vizazi.

Mswada, hati na nakala

Katika Kiswahili cha leo mswada una maana mbili kuu: sheria inayopendekezwa bungeni kabla ya kupitishwa, na andiko la mwandishi kabla ya kuchapishwa. Maana zote mbili zinakubaliana na asili ya neno, kwani Kiarabu musawwada ni rasimu, andiko lililojaa wino wa masahihisho na linalosubiri kusafishwa. Tunapoandika basi kwamba Kodeksi Sinaitikasi ni mswada wa Biblia, tunamwambia msomaji, bila kukusudia, kwamba anatazama rasimu iliyotoka mkononi mwa mtunzi.

Ukweli ni kinyume chake. Sinaitikasi ya karne ya 4 ni kitabu kilichokamilika, kilichoandikwa kwa uangalifu kwenye ngozi ili kisomwe. Nacho ni nakala ya nakala. Agano Jipya la Kigiriki limetufikia kupitia zaidi ya nakala 5,000 za mkono, nyingine zikiwa vipande tu, na hakuna hata moja kati ya hizo iliyoandikwa na mtunzi wa kitabu husika. Kipande kidogo cha Injili ya Yohana kilichohifadhiwa katika Maktaba ya John Rylands mjini Manchester, ambacho kwa kawaida huwekwa katika karne ya 2, ni nakala. Mafunjo ya nyaraka za Paulo yanayoitwa P46, ya takriban mwaka 200, nayo ni nakala.

Tofauti hii si ya kilugha tu. Msomaji anayejua kwamba ana nakala mbele yake atauliza maswali yanayostahili: nani alinakili, kwa matumizi gani, na nakala hii inatofautianaje na nyingine? Ataelewa kwa nini Injili ya Marko katika Sinaitikasi na Vatikanusi inaishia 16:8, na kwa nini Biblia za Kiswahili zinazotumika Afrika Mashariki huzungushia baadhi ya aya mabano au kuzitolea tanbihi. Msomaji aliyeambiwa kuwa ana mswada atayaona mabano hayo kama ishara ya udanganyifu: kuna mtu aliyeongeza, au aliyefuta.

Huenda ikapingwa kwamba mswada umekwisha kuzoeleka katika taaluma ya fasihi ya Kiswahili, hasa kwa tenzi zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu. Hilo ni kweli. Lakini hata huko sehemu kubwa ya tulichonacho ni kazi ya wanakili, na neno limefanya mchango wao usionekane. Mazoea ya taaluma moja si sababu ya kueneza utata huo katika nyingine.

Kanuni na kanoni

Neno la Kigiriki kanon lilimaanisha ufito wa kupimia, kisha kipimo, kisha orodha. Lilipita katika Kiarabu likawa qanun, na likatua katika Kiswahili kama kanuni, likiwa limekwisha kubeba maana ya sheria. Karne nyingi baadaye neno lile lile lilirudi kwa mlango mwingine, kupitia lugha za Ulaya, kama kanoni. Waandishi wetu hutumia maumbo yote mawili kwa kubadilishana. Hapa ndipo kosa la Nikea linapopata rutuba: msomaji anayesikia kuwa baraza lilitoa kanuni, na ukurasa unaofuata akasoma juu ya kanuni ya Biblia, ana kila sababu ya kudhani ni kitu kimoja.

Historia ya orodha zenyewe haina amri moja ya mwanzo. Ireneo wa Lyon, kama mwaka 180, alitetea Injili nne kwa hoja kwamba dunia ina pembe nne na pepo kuu nne. P46 inaonyesha kwamba nyaraka za Paulo zilikuwa zimefungwa pamoja kabla ya kuwapo kitabu kimoja cha Agano Jipya, na humo Waraka kwa Waebrania unafuata Warumi moja kwa moja. Sinaitikasi ina Waraka wa Barnaba na Mchungaji wa Herma baada ya Ufunuo. Orodha ya kwanza tunayoijua yenye vitabu 27 vile vile vya leo iko katika barua ya Pasaka ya Athanasi wa Aleksandria ya mwaka 367, na hata yeye anataja vitabu vingine vinavyofaa kusomewa wanafunzi wapya, kikiwemo Mchungaji. Mabaraza ya Afrika Kaskazini, Hipo mwaka 393 na Karthago mwaka 397, yaliweka muhuri wa kimkoa juu ya kilichokuwa kikisomwa.

Aidha, orodha hazikufanana. Tafsiri ya Kisiria, Peshita, ilikuwa na vitabu 22 vya Agano Jipya. Karibu nasi zaidi, Kanisa la Kiorthodoksi la Ethiopia huhesabu vitabu 81, kikiwemo Henoko, ambacho kimehifadhiwa kikamilifu kwa Kigeezi pekee. Injili za Garima, zinazotunzwa katika monasteri karibu na Adwa, zimepimwa kwa kaboni na kuwekwa kati ya karne ya 4 na ya 7. Mwandishi wa Afrika Mashariki anayesimulia historia hii kana kwamba ilikwenda kutoka Roma hadi London pekee ameiruka nyumba ya jirani.

Orodha ilivyofika mpakani

Kwa watu wa Lunyo swali la orodha lina tarehe za karibu zaidi. Matini kamili ya kwanza ya Biblia iliyoenea upande huu haikuwa ya lugha ya nyumbani, bali ya Luganda. Alexander Mackay alichapa sehemu za Injili ya Mathayo huko Buganda katika miaka ya 1880. Agano Jipya lilikamilika mwaka 1893 na Biblia nzima mwaka 1896, kazi ya George Pilkington akishirikiana na Henry Wright Duta Kitakule. Utawala wa mawakala wa Kiganda katika Bukedi, ulioanza na Semei Kakungulu, uliifanya Luganda kuwa lugha ya ofisi na ya kanisa. Mwaka 1902 Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulipohamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki, jamii za mpakani ziligawanywa kati ya njia mbili za maandishi.

Toleo la Luganda la Chama cha Biblia cha Uingereza na Nchi za Nje lilipewa umbo nene na jembamba ili litoshe katika mkebe wa biskuti, mchwa wasilile. Umbo la kitabu liliamuliwa na mahitaji ya msomaji wa Afrika. Idadi ya vitabu haikuamuliwa hivyo. Chama hicho kilikuwa kimekata shauri mwaka 1826 kutogharimia Biblia zenye vitabu vya Apokrifa, ingawa Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 ilikuwa navyo, na ingawa Kifungu cha 6 cha imani ya Kianglikana kinaruhusu visomwe kwa mafunzo ya maisha. Kwa hiyo Mwanglikana wa Busia alipokea vitabu 66 kwa uamuzi wa wachapaji wa London, ilhali jirani yake Mkatoliki alifuata orodha iliyothibitishwa Trento mwaka 1546. Hakuna hata mmoja aliyeipata kutoka Nikea.

Upande wa Kenya kuna mfano mwingine wa matumizi kuishinda amri. Kuanzia miaka ya 1940 kamati ya lugha ilijaribu kuunda Luluyia moja ya maandishi, na Biblia yake ikatoka mwaka 1975. Hata hivyo wasemaji wa Lulogooli, waliokuwa na Agano Jipya lao tangu 1925, waliendelea na njia yao na kupata Biblia kamili mwaka 1951. Kamati ilikuwa na tahajia. Wamaragoli walikuwa na kitabu walichozoea kukisoma.

Vitenzi vya ubishi

Katika darasa lenye wanafunzi wa madhehebu yote mawili, historia hii hufupishwa kwa vitenzi viwili. Upande mmoja husema Wakatoliki wameongeza vitabu saba. Upande wa pili husema Waprotestanti wameviondoa. Vitenzi vyote viwili vina dhana moja iliyofichika: kwamba palikuwapo orodha kamili tangu mwanzo, kisha mtu akaichezea. Mwalimu anayevitumia huwa amekwisha kutoa hukumu kabla ya somo kuanza. Biblia Habari Njema, iliyotafsiriwa kwa ushirikiano wa madhehebu na kutoka mwaka 1995, ina toleo lenye vitabu vya deuterokanoni na toleo lisilo navyo, na ni ushahidi kwamba Kiswahili kinaweza kuitaja tofauti hii bila lawama.

Hitimisho na mapendekezo

Kutokana na uhakiki huu, mapendekezo manne yanatolewa kwa Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, kwa mabaraza ya lugha na kwa waandaaji wa mitaala. Kwanza, nakala ya mkono itumike kwa maandiko ya kale ya Biblia, na mswada ubaki kwa rasimu ya mwandishi na ya bunge. Pili, kanoni itumike kwa orodha ya Maandiko, na kanuni kwa sheria za mabaraza. Tatu, vitabu vya kiada viseme kitabu fulani kinasomwa, au hakisomwi, katika Kanisa fulani, badala ya kuongezwa na kuondolewa. Nne, daftari za watafsiri, vitabu vya nyimbo na masomo ya ibada vilivyonakiliwa kwa mkono katika parokia za Busia na Tororo vikusanywe na kuorodheshwa pamoja na kumbukumbu za lugha za mpakani.

Pendekezo la nne ndilo lenye haraka. Istilahi mbovu inaweza kurekebishwa katika toleo lijalo. Daftari iliyoliwa na mchwa haina toleo lijalo, na mtafiti wa kesho atakayetaka kujua Maandiko yaliundwaje katika vinywa vya watu wa Lunyo atabaki na orodha tupu ya tarehe za uchapaji.