Kuvusha Gari-nyumba kwenda Newfoundland

Baina ya North Sydney, katika jimbo la Nova Scotia, na Port aux Basques, bandari iliyo kwenye pembe ya kusini-magharibi ya kisiwa cha Newfoundland, pana bahari ya maili 96 za kibaharia, nayo huvukwa kwa muda wa takriban saa 7 na merikebu kubwa, baadhi yake zikifikia urefu wa karibu mita 200, zinazobeba malori, magari madogo, na wakati wa kiangazi yale magari-nyumba ambayo mwenyewe hupika, huoga na kulala ndani yake, na ambayo aghalabu hukokota nyuma gari dogo la kwendea sokoni na kwingineko ambako lile kubwa halipenyi. Huduma hii haikuachiwa hisani ya wafanyabiashara: Newfoundland ilipojiunga na Kanada tarehe 31 Machi 1949, masharti ya muungano yaliilazimisha serikali ya Kanada kudumisha safari za meli baina ya bandari hizo mbili, tena yakaeleza kwamba barabara ya magari toka mji wa Corner Brook, huko huko kisiwani, hadi Port aux Basques itakapokamilika, meli hizo sharti ziwe na nafasi ya kufaa kwa kuchukulia magari. Basi kuvuka ni haki iliyoandikwa. Lakini kuvuka salama ni elimu, na sehemu kubwa ya elimu hiyo, kwa itikadi yangu, hutumika nchi kavu, kabla tairi la kwanza halijagusa chuma cha meli.

Swali la awali, nalo ndilo linalobeba mengine yote, ni hili: magari mawili yapande yakiwa yamefungamana, au yatenganishwe bandarini? Wengi hulijibu kwa kuangalia nauli peke yake. Gari refu hutozwa kwa urefu wake wa jumla, toka bampa ya mbele hadi ncha ya mwisho kabisa ya nyuma, na baiskeli zilizoning'inizwa huko nazo huhesabiwa. Tuchukue gari-nyumba la futi 34, chuma cha kuvutia cha futi 5, na gari dogo la futi 15: yakifungamana ni futi 54, yaani mita 16 na nusu, yakitengana, na chuma kikakunjwa, ni futi 49. Zile futi 5 za katikati hazibebi mtu wala mzigo, ilhali hulipiwa kama zinazobeba. Yampasa msafiri apige hesabu mbili kabla ya kununua tikiti, moja ya msafara mmoja mrefu na moja ya magari mawili, kisha azilinganishe.

Hata hivyo nauli si hoja yangu kuu. Gari dogo linapokokotwa kwa magurudumu yake yote manne, halina mtu kwenye usukani; likivutwa, magurudumu yake ya mbele hufuata kwa utiifu, lakini likisukumwa kinyumenyume hupinda upande mmoja ghafula, yakabana, na dereva wa mbele akiendelea kusukuma atapindisha chuma cha kuvutia au kuvunja viungo vya usukani. Kwa maneno mengine, msafara uliofungamana hauna gia ya kurudi. Jambo hili barabarani huvumilika, maana dereva mwenye hadhari huchagua vituo vya mafuta vyenye njia ya kutokea. Lakini ndani ya sitaha ya magari, baina ya nguzo na kuta za chuma, huku lori la tani nyingi likisubiri nyuma, baharia anaweza kumwashiria mtu arudi nyuma hatua chache ili apange safu vizuri, na yule aliyefungamana hana la kufanya. Kwa hiyo palipo na madereva wawili wenye leseni, hukumu yangu ni kutenganisha. Aliye peke yake na afungamanishe, ila amwarifu mwongozaji wa magari angali kwenye foleni, asingoje mpaka yumo ndani.

Anayepanda amefungamana ana la ziada la kukumbuka. Magari mengi madogo hayaachii usukani mpaka ufunguo uwe umegeuzwa nusu, na katika hali hiyo betri huliwa kidogo kidogo; saa 7 za bahari, ukiongeza za foleni, zatosha kuimaliza. Basi likishaegeshwa, ufunguo uzimwe, breki ya mkono ivutwe na gia iingizwe. Na wakati wa kushuka yote hayo yafunguliwe kwa utaratibu, la sivyo gari litaburutwa likiwa limefungwa magurudumu.

Ama kuhusu njia ya kupandia, hatari haiko mbele bali mkiani. Gari-nyumba lina sehemu ndefu inayoning'inia nyuma ya ekseli ya mwisho, na magurudumu ya nyuma yanapoanza kuukwea mwinuko, ncha ile hushuka. Mkia wa mita 3 na nusu kwenye mwinuko wa moja kwa kumi hushuka kiasi cha sentimita 35, na yapo magari ambayo uwazi wake toka ardhini haufiki hapo. Mwenye gari lenye springi za hewa na alinyanyue kabla ya kupanda. Asiye nazo na aende polepole mno, mwenzake akiwa nje anaangalia, kwa sababu mabomba ya maji machafu ndiyo yaliyo chini kuliko vyote, na ndiyo huvunjika kwanza.

Breki nayo si jambo la kutajwa kwa wepesi, na msomaji wa Mombasa hahitaji kuelezwa sababu. Tarehe 29 Septemba 2019, katika kivuko cha Likoni, gari liliteleza kinyumenyume kutoka melini likazama, na mama na mwanawe wakafariki. Mlango wa Kilindini, unaovukwa hapo Likoni, ni mwendo wa dakika chache katika maji tulivu. Mlango-bahari wa Cabot, ndio bahari ya safari yetu ya Newfoundland, hupigwa na tufani, na merikebu ikienda mrama kila kizito hutafuta njia ya kuteremka. Kwa ajili hiyo makabari hutiwa magurudumuni na minyororo hufungwa, lakini vyombo vya ndani ya gari, sahani, droo na milango ya kabati, ni dhamana ya mwenyewe.

Kisha gesi. Propani ni nzito kuliko hewa kwa takriban mara moja na nusu, kwa hiyo ikivuja haipandi ikapotea, bali hutuama chini penye injini na nyaya. Ndiyo maana mitungi hufungwa kabla ya kupanda, na friji inayotumia gesi huzimwa. Friji iliyojaa na isiyofunguliwa huhifadhi baridi yake mpaka ng'ambo. Wala mtu asidhani atalala kitandani mwake: abiria hawaruhusiwi kwenye sitaha za magari meli ikiwa baharini, kwa hiyo dawa, mablanketi na vyakula vya watoto vichukuliwe mapema.

Bahari ikishavukwa, upepo unangoja. Mwendo mfupi kutoka Port aux Basques, barabara hupita mahali paitwapo Wreckhouse, ambapo pepo za kusini-mashariki huporomoka kutoka milimani kwa kasi inayoweza kuzidi kilomita 160 kwa saa. Siku za reli, kabla haijafungwa mwaka 1988, mabehewa yalipeperushwa kutoka relini, hata shirika likamwajiri mkazi wa pale, Lauchie MacDougall, aupime upepo kwa uzoefu wake na kutoa habari kama treni ipite au isimame. Ubavu wa gari-nyumba la futi 34 una eneo la mita za mraba zipatazo 31. Upepo wa kilomita 100 kwa saa huusukuma kwa nguvu ya takriban tani moja na nusu, na kasi ikiongezeka maradufu, nguvu huwa mara nne. Tahadhari ya upepo ikitolewa, kubaki bandarini usiku mzima ndiyo tadbiri ya busara.

Anayerudi akumbuke kwamba saa za Newfoundland ziko mbele ya za Nova Scotia kwa nusu saa, na kwamba udongo wa kisiwa hauruhusiwi kutoka. Una vijidudu vya maradhi ya viazi, na magari hukaguliwa bandarini na yenye matope huoshwa. Viazi vyenyewe hunyang'anywa. Basi safisha chini ya magari yote mawili mapema, na viazi ulivyonunua uvile kisiwani.