Slaidi za Mulago: Uvimbe wa Majina Mengi Ulivyopata Jina Moja

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari Hugh Trowell alimwita mwenzake wa upasuaji, Denis Burkitt, aje amtazame mtoto wa kiume wa miaka mitano. Uso wa mtoto ulikuwa umevimba kulia na kushoto, taya la juu na la chini, na meno yake yamelegea. Burkitt hakuwa na jibu. Usaha wa jino hauvimbishi pande zote nne kwa mpigo mmoja, na saratani ya mfupa kwa kawaida huanzia mahali pamoja. Muda si mrefu, akiwa Jinja, alimwona mtoto mwingine mwenye uso ule ule. Safari hii alimpapasa tumbo pia, akakuta uvimbe humo. Alirudi Kampala akaanza kufukua mafaili.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama kisa cha jicho la mpasuaji. Jicho lile lilikuwa kali, na mwenye nalo aliwajali wale watoto. Lakini leo nataka tuhamie chumba cha patholojia, kwa sababu swali gumu zaidi lilijibiwa humo. Burkitt aliona kwamba watoto hawa wana ugonjwa mmoja. Ni ugonjwa gani, hakuweza kusema. Makala yake ya mwaka 1958, yenye habari za watoto 38, iliuita sarkoma ya taya, yaani saratani ya jamii ya mifupa na misuli. Aliona sawasawa, ila jina lilikuwa la ugonjwa mwingine.

Tatizo lilikuwa kwamba jina lilifuata kiungo. Mtoto aliyevimba taya aliandikiwa sarkoma. Aliyetokwa na jicho aliandikiwa retinoblastoma, saratani ya jicho la watoto. Uvimbe ukiwa kwenye figo uliitwa uvimbe wa Wilms, ukiwa nyuma ya tumbo uliitwa neuroblastoma, na msichana aliyevimba ovari alihesabiwa kuwa na saratani ya ovari. Hakuna aliyefanya uzembe. Saratani nyingi za watoto hufanana mno chini ya hadubini: seli ndogo za mviringo zilizosongamana, viini vyake vimekolea bluu, na nje ya kiini hakuna nafasi kubwa. Ukiisoma slaidi ya namna hiyo huku barua ya daktari mezani inasema "figo", jicho lako litaona figo.

Kampala ilikuwa na kitu ambacho sehemu nyingi hazikuwa nacho: rejista ya saratani, iliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 chini ya mwanapatholojia Jack Davies, pamoja na maabara ya Makerere iliyopokea vinyama, yaani vipande vya tishu vilivyokatwa kwa wagonjwa, kutoka hospitali za mbali. Kinyama kilichogandishwa ndani ya nta hakiozi. Unaweza kukitoa kabatini baada ya miaka, ukakikata upya na kukipaka rangi upya, ukauliza swali ambalo aliyekitunza hakuwahi kuliwaza. Gregory O'Conor, mwanapatholojia kutoka Marekani, akishirikiana na Davies, alipitia saratani za watoto zilizokusanywa kwenye rejista hiyo. Mwaka 1960 wakachapisha mapitio yao, na mwaka 1961 O'Conor akaeleza kwa kirefu kwamba sehemu kubwa ya saratani zile zilizotawanyika chini ya majina mbalimbali zilikuwa limfoma, saratani ya seli nyeupe za damu zinazoishi kwenye tezi na tishu za kinga. Mbinu ilikuwa rahisi kuisema na ngumu kuitenda: acha kuuliza kinyama kimetoka wapi, weka taya, figo na ovari bega kwa bega, kisha soma seli peke yake.

Soma basi pamoja nami. Katika ukuzaji mdogo unaona zulia la bluu nzito, seli zinazofanana kama punje za ulezi, hakuna kubwa wala ndogo. Katikati ya zulia hilo kuna matundu meupe yaliyotapakaa. Wanapatholojia waliuita mwonekano huu anga ya nyota, na jina limeukaa vizuri. Ukisogeza lenzi kubwa, kila nyota ni makrofaji, seli mla-uchafu, tumbo lake limejaa mabaki ya seli zilizokufa. Ndiyo maana naona picha hii haipaswi kukaririwa tu kama alama ya mtihani. Seli za limfoma hii hugawanyika kwa kasi ya ajabu, na zinakufa kwa wingi vilevile. Makrofaji wamekuja kufagia. Nyota ni kipimo cha kasi. Lakini ni kipimo kisichotosha, kwa kuwa saratani yoyote inayokua haraka mno inaweza kutengeneza anga yake. Anayetoa jibu kwa nyota pekee atakosea siku moja.

Kwa hiyo unaendelea kusoma. Kiini ni cha mviringo, na ndani yake mna vinukta kadhaa badala ya kimoja kikubwa. Kingo za seli zinakutana zikiwa zimenyooka, mithili ya vigae vilivyopangwa sakafuni. Unyoofu huo kwa sehemu ni kazi ya fomalini, inayoisinyaza seli na kuivuta kutoka kwa jirani yake. Jambo hili linanivutia sana: alama mojawapo ya ugonjwa huu hutengenezwa na dawa ya kuhifadhia. Maana yake kinyama kilichohifadhiwa ovyo hupoteza hata alama hiyo. Fomalini inatakiwa iwe takriban mara kumi ya ujazo wa kinyama, na kipande kikiwa kinene kipasuliwe ili dawa ifike kati. Kibonge kizima kikisukumwa ndani ya kichupa chembamba, ganda la nje litahifadhiwa na moyo wake utaharibika. Hatua zinazofuata ni spiriti ya kuondoa maji, nta, kisu cha kukata tabaka la maikroni 3 au 4, kisha rangi za hematoksilini na eosini. Hakuna hata moja kati ya hizo inayoweza kufufua seli iliyokufa kichupani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Dennis Wright, naye Mulago, alileta ushahidi ambao slaidi ya nta huuficha. Kabla kinyama hakijatumbukizwa kwenye fomalini, uso wake uliokatwa hugusishwa kwenye kioo kikavu. Seli chache hubaki kiooni zikiwa nzima, kioo kinakaushwa kwa hewa na kupakwa rangi za jamii ile ile inayotumika kutafutia vimelea vya malaria kwenye damu. Hapo nje ya kiini huonekana ukanda wa bluu kali uliotobolewa na vijitundu vya duara, safi. Vijitundu hivyo ni matone ya mafuta. Spiriti na viyeyusho vya kutengenezea slaidi ya nta huyaosha yote. Hata ugonjwa huu unapojitokeza kwenye uboho kama saratani ya damu, vijitundu hivyo hivyo ndivyo vinavyomshtua anayesoma.

Nikitoka kidogo nje ya maabara: ugonjwa haukuwa mgeni. Kumbukumbu za Hospitali ya Mengo, iliyoanzishwa na Albert Cook mwaka 1897, zinaonyesha kwamba watoto wenye uvimbe wa taya walikuwa wakifika pale miongo kadhaa kabla ya Burkitt. Waliandikwa mmoja mmoja, na hakukuwa na kabati la nta la kuwakutanisha.

Mwaka 1969 wanapatholojia waliokutanishwa na Shirika la Afya Duniani walichapisha maelezo rasmi ya tishu ya uvimbe wa Burkitt, na O'Conor alikuwa mmoja wa waandishi. Tangu hapo maabara ya Accra na ya Paris zingeweza kubishana zikitumia maneno yale yale.

Kisha vikaja vipimo vya kingamwili, ambavyo hupaka rangi protini badala ya umbo. Seli za Burkitt hukubali CD20, alama ya seli B, pamoja na CD10 na BCL6, zinazoonyesha kwamba zinatokana na kitovu cha tezi, mahali seli B hufundishwa kazi. Kwa kawaida hukataa TdT, na hapo hutengana na limfoma ya limfoblasti, pacha wake hatari kwa sura. Ki-67, inayopaka seli zinazojigawa, hupaka karibu asilimia 100. Mzizi wenyewe uko kwenye kromosomu. Mwaka 1972 ilionekana kasoro kwenye kromosomu ya 14; mwaka 1976 ikajulikana kwamba kasoro hiyo ni kipande kilichotoka kromosomu ya 8; na mwaka 1982 jeni lililohamishwa likatambuliwa kuwa MYC, swichi ya ukuaji, ambayo katika makazi mapya haizimiki. Ile anga ya nyota sasa ilikuwa na sababu yake.

Kuna kinyama kimoja kilichokwenda njia tofauti. Burkitt alipotoa mhadhara London mwezi Machi 1961, alikuwepo mtafiti Anthony Epstein, aliyeshuku kwamba chanzo ni kirusi. Vinyama vikawa vinasafirishwa kwa ndege kutoka Kampala bila fomalini, kwa kuwa alizitaka seli hai. Kwa miaka miwili hakupata kitu. Mwishoni mwa 1963 ukungu uliilazimisha ndege kutua Manchester, na mzigo ulipofika maji yake yalikuwa na ukungu pia, dalili ya kuoza. Kabla ya kuumwaga Epstein aliweka tone chini ya hadubini. Hazikuwa bakteria. Zilikuwa seli za limfoma zilizobanduka kwenye kinyama zikielea, hai. Zilioteshwa, na mwaka 1964 yeye, Yvonne Barr na Bert Achong wakatangaza kirusi ambacho leo kinaitwa Epstein-Barr. Kinyama kile kingetiwa fomalini Mulago, kingetoa slaidi nzuri, na kirusi kisingeoteshwa.

Kwa mgonjwa, jina hubadilisha kila kitu. Uvimbe wa Wilms unahitaji kisu. Burkitt haihitaji kutolewa figo. Inahitaji dawa kama siklofosfamidi, ambayo Kampala ilionekana ikisinyaza taya lililovimba kwa siku chache. Na dawa hiyo inataka maandalizi, maji ya kutosha mwilini kabla ya dripu ya kwanza, kwa sababu seli zikifa zote kwa pamoja taka zake huweza kuziba figo. Mtoto aliyeandikiwa kifua kikuu cha tezi kwa sababu ya mitoki shingoni huendelea kumeza vidonge visivyo vyake huku saa ikienda.

Na saa hii inakimbia. Seli za Burkitt huweza kuwa maradufu ndani ya saa 24 hadi 48, ilhali slaidi ya nta huchukua siku kadhaa, na kingamwili siku zaidi pale zinapopatikana. Ndiyo maana ninasisitiza kioo cha Wright, kilichoanza palepale Mulago na kisichohitaji mashine. Mpasuaji akishakata, kabla ya kichupa kufunguliwa, kinyama kiguse vioo viwili au vitatu vikavu, kwa kugusisha tu bila kusugua, kwa kuwa seli hizi hupasuka upesi. Vioo vipepewe mpaka vikauke, viandikwe kwa penseli, vishuke maabara mkononi mwa mtu. Rangi ya Giemsa ipo tayari kwenye meza ya malaria, na anayejua kutafuta vile vijitundu anaweza kumpigia simu daktari wa wodi jioni ile ile, nta ikiwa bado haijaganda.